Uliza Dada wa Ziwa: Meli zinaonekana kwa ramani, na sisi wa mitumbwi je?

Haya jameni, toleo lililopita niliweka mistari michache tu kuhusu venye nchi zingine zinachukua data za meli na kuzitumia kupanga nani atumie sehemu gani ya bahari, na maswali yamemiminika, tena mengi yametoka huku kwetu kuliko hata Pwani. Nimechagua haya. Mengine yalikuwa yanarudia, na mawili yalikuwa ya mapenzi kabisa, sijui yalifikaje kwangu, hayo nimempelekea mwenzangu wa ukurasa wa mahusiano.

Dada habari ya kazi. Mimi huangalia ile app ya meli kwa simu. Ukienda Mombasa unaona meli zimejaa mpaka zinapandana, ukisongesha ramani hadi Kisumu ziwa liko tupu, labda kialama kimoja ama hakuna kabisa. Na hapa nilipokaa naona maboti kwa macho yangu. Hiyo app imeharibika ama sisi ndio hatuhesabiki?
*Kijana wa spea za injini, Kisumu*

App iko sawa kaka. Na swali lako ndilo limenifanya nitoe kurasa mbili nzima kwa hii mambo, kwa hivyo kaa chini.

Hizo alama unaona zinatoka kwa kifaa kinaitwa AIS. Meli yenye nacho inajitangaza yenyewe kwa redio ya VHF bila kuulizwa na mtu: mimi ni fulani, niko hapa, naelekea huku, spidi yangu ni hii. Meli kubwa ikiwa mwendoni inarusha hiyo habari kila sekunde 2 hadi 10 kulingana na spidi, ikitia nanga inapoa inarusha kila dakika 3. Jina lake, aina yake, urefu, imezama kina gani na inaenda bandari gani, hizo hutoka kila dakika 6. Kila chombo kina namba ya tarakimu 9 na tatu za kwanza zinakuonyesha bendera, Kenya ni 634, Uganda 675, Tanzania utakuta 674 ama 677. Kifaa kililetwa ili meli zisigongane usiku na kwenye ukungu, basi, hakuna mtu alikuwa anafikiria mambo ya kupanga bahari wakati huo.

Sasa nani analazimika kuwa nacho? Mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, ule wa SOLAS, unalazimisha meli za ukubwa wa tani 300 kwenda juu zinazosafiri nchi hadi nchi, meli za mizigo za tani 500 kwenda juu hata kama hazitoki nchini mwao, na meli za abiria. Mtumbwi wa mbao wenye injini ya farasi 15 uliopakwa rangi na kuandikwa jina la shosho wa mwenyewe unaingia wapi hapo? Hauingii. Halafu kuna mambo ya mawimbi ya redio, VHF husafiri kwa mstari ulionyooka, meli na meli zinasikizana kama kilomita 40 hivi, antena ikiwa juu ya kilima inasikia mbali zaidi, na app nyingi za bure zinategemea antena za nchi kavu, mahali hakuna antena karibu ni mpaka satelaiti na data ya satelaiti mara nyingi ni ya kulipia. Ndio maana unaona ziwa tupu.

Na bado hii data ni kitu kubwa sana usiidharau. Ukichukua alama za mwaka mzima, za maelfu ya meli, ukaziunganisha ziwe mistari, halafu ukagawanya bahari kwa miraba ya kilomita moja kwa moja na kuhesabu ni mistari mingapi inapita kila mraba, zinatokea barabara. Barabara ambazo hakuna mtu alizichora, manahodha wenyewe wamezitengeneza kwa kupita kila siku. Waholanzi walitaka kuweka mitambo ya umeme wa upepo kwenye Bahari ya Kaskazini ambayo ni kati ya bahari zenye msongamano mkubwa duniani, wakakaa na hizo ramani, wakapanga upya njia za meli na sehemu za kutia nanga na njia mpya zikaanza kutumika Agosti 2013. Huko Marekani karibu na Boston, 2007 njia ya kuingia bandarini ilipindishwa kidogo juu ilikuwa inapita pale pale nyangumi wanapenda kula, na AIS ndio imekuwa ikitumika kuangalia kama meli zinafuata na zinaenda spidi gani. Wabelgiji nao walipitisha mpango wao wa bahari kwa amri ya mfalme 2014, kasehemu kao ni kadogo kweli lakini wamegawanya, hapa upepo, hapa mchanga unachimbwa, hapa meli, hapa samaki wazaliane.

Shida inaanza mtu akichukua ile njia ya Ulaya akaileta hapa nzima nzima. Kupanga Ziwa Victoria kwa data ya AIS peke yake ni kama kuhesabu wafanyabiashara wa soko la Kibuye kwa kuangalia wenye stoo za kufuli tu, wale mama wanatandika gunia chini na kuuza nyanya na omena hawapo kwa kitabu, halafu mwaka ujao unaambiwa hiyo nafasi ilikuwa wazi tukampea mwekezaji.

Na sio huku tu. Januari 2024 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliolinganisha picha za satelaiti za 2017 hadi 2021 na alama za AIS, wakapata kama robo tatu ya meli za uvuvi za viwandani duniani hazionekani kwa mifumo ya wazi ya ufuatiliaji, na nyingi za hizo ziko kando ya Afrika na kusini mwa Asia. Hizo ni za viwandani, kubwa, za chuma. Mitumbwi haikuguswa hata kidogo.

Kwa hivyo jibu la swali lako la mwisho ni kwamba hamhesabiki, bado.

Dada, mimi niko na vizimba vya ngege huku karibu na Usenge. Miezi kadhaa iliyopita boti ilipita usiku ikaburuta kamba ya nanga, kizimba kikapinda, samaki wengine wakatoka, na mwenye boti naye akataka nimlipe propela. Tuligombana mpaka kwa chifu. Si serikali iangalie data za maboti waseme vizimba vikae wapi na maboti yapite wapi tuishi kwa amani? Na mimi kama mtu binafsi nitafanya nini?
*Mfugaji wa samaki, Siaya*

Pole sana ndugu yangu. Na nikuambie ukweli, katika hiyo kesi kila mtu alikuwa na haki yake. Wewe uliweka kizimba mahali uliona ni pazuri na yeye alipita mahali babake alikuwa anapita. Hakuna karatasi popote inayosema hapa ni njia.

Kwanza hebu tuone ukubwa wa maneno. Ziwa lote ni kama kilomita za mraba 68,800 na Kenya tuko na asilimia 6 tu, hiyo ni kama kilomita za mraba 4,100 hivi. Ndani ya hiyo kipande kuna wavuvi wa mbuta, wa omena, wa ngege, feri, maboti ya abiria na mchanga, meli za mafuta na mizigo za Kisumu kwenda Port Bell na Mwanza, mabomba ya maji ya kunywa, mazalio ya samaki, gugumaji likisukumwa na upepo kutoka ghuba hadi ghuba, na sasa vizimba ambavyo vimeongezeka haraka sana hasa huko kwenu Siaya. Na kuna mahali pembamba kama mlango wa Rusinga ambapo karibu kila chombo cha kutoka ghuba ya Winam kwenda ziwa kubwa lazima kipite. Huwezi kuwaambia watu wajipangie tu.

Lakini hiyo data ya maboti unayotaka serikali iangalie, haipo. Hapo ndipo kazi iko. Inabidi ikusanywe, na ikikusanywa vibaya itakuumiza wewe na yule mwenye boti pamoja. Nikupe mifano venye inaweza kwenda vibaya.

Kuna msimu wa kufunga uvuvi wa omena, Aprili 1 hadi Julai 31. Sasa fikiria mtaalamu anakuja na pesa za mradi zinazoisha Juni, anawapa watu wachache vifaa vya GPS mwezi wa tano, anachora ramani yake nzuri ya rangi, na sehemu yote ya omena inatokea nyeupe, hakuna mtu. Anaandika ripoti, hapa panafaa vizimba. Agosti mosi taa za omena zinarudi na vita vinaanza.

Mfano mwingine ni mwezi wa angani. Watu wa omena wanatoka usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa wengi wanalala nyumbani juu taa haivuti samaki. Ukikusanya wiki moja ya mbalamwezi umepata nusu ya hadithi, tena ile nusu ndogo. Na kuna upepo, boti ya tanga haina njia ya mstari, asubuhi inatoka na upepo wa nchi kavu, mchana inarudi na upepo wa ziwani, na ikirudi inakata huku na kule kulingana na venye upepo umekaa. Mtu wa AIS amezoea meli ya Mombasa inayonyooka kama rula, akiona hiyo zigizaga ya tanga anadhani GPS imeharibika anaifuta.

Kwa hivyo ukiniuliza mimi, data ya maana kwa ziwa letu inataka mambo matatu yakae pamoja. Moja ni AIS ya vyombo vikubwa, hiyo tuichukue tu iko. Mbili ni vifaa vidogo vya GPS ama simu kwa maboti ya kujitolea, ya kila aina ya uvuvi na kila biichi, kwa mwaka mzima pamoja na ule msimu wa kufunga ili tofauti ionekane. Tatu, na hii wataalamu wengi huipita haraka haraka ndio wakachukue chai, ni watu kukaa chini na ramani kubwa iliyochapishwa kwa karatasi na kuchora kwa kalamu. Mzee wa biichi atakuchorea kwa dakika kumi mawe yako wapi, upepo mbaya unatoka wapi, mbuta wako wapi mvua ikianza, na wapi watu wanajificha dhoruba ikija, na hiyo ya kujificha hakuna kifaa kitakuambia juu boti inaenda hapo mara chache sana kwa mwaka lakini siku hiyo ikikuta vizimba vimeziba mlango watu wanakufa.

Ukishaziweka juu ya ramani moja, zile sehemu zenye mistari mingi unaziacha wazi ziwe njia, na pembeni unaacha nafasi ya ziada. Watu wengi husahau kwamba kizimba si ile fremu inaonekana juu ya maji, kamba za nanga zinatoka nje kwa mshazari chini ya maji mita nyingi, na hizo ndizo zilishika propela ya jirani yako. Halafu unaondoa mazalio ya samaki na midomo ya mito, unaondoa maji mafupi mahali uchafu wa chakula utakaa chini bila kusukumwa, na kilichobaki ndio sehemu ya vizimba. KMFRI, wale watafiti wa serikali wa bahari na uvuvi, pale Kisumu wameshafanya kazi ya kupima ni wapi panafaa vizimba kwa upande wa kina na ubora wa maji, kwa hivyo hatuanzi sifuri, ile safu imekosekana ni ya mwendo wa maboti.

Wewe binafsi? Weka taa kwa kona zote nne za vizimba, zile za sola si bei mbaya siku hizi, na maboya ya rangi kali pale kamba za nanga zinaishia. Chukua alama za GPS za hizo kona na za nanga, andika, peleka nakala kwa BMU (kamati inayosimamia biichi) wa biichi yako na wa biichi jirani, na ofisi ya uvuvi ya kaunti. Hiyo haifanyi kizimba chako kuwa halali kama huna vibali lakini siku nyingine ukienda kwa chifu utakuwa na kitu mkononi. Na propela, kwa maoni yangu, mngegawana hiyo gharama nusu kwa nusu yaishe.

Sasa dadangu wewe unataka tufungiwe vifaa kwa maboti. Sisi wavuvi tunajua mahali samaki wako, hiyo ndio siri yetu na ndio mali yetu. Nikiweka hicho kifaa kesho kila mtu yuko kwa spot yangu, keshokutwa wezi wa injini wanajua niko wapi saa ngapi, na tukikaribia mpaka wale askari wa ng'ambo wanatungoja. Hiyo data inaenda kwa nani?
*Mvuvi wa mbuta, Homa Bay*

Ndugu, hii ndio barua nimesoma mara nyingi kuliko zote. Uko sawa kuuliza na usikubali kifaa chochote kabla ujibiwe hilo swali la mwisho kwa maandishi.

Kwanza ujue hata manahodha wa meli kubwa wanaogopa hiyo kitu. AIS ni ya wazi, haina nywila, mtu yeyote mwenye kipokezi anaisoma, na wakati maharamia wa Somalia walikuwa wamewaka manahodha wengi walikuwa wanazima, na sheria inamruhusu nahodha kuzima akiona usalama wa meli uko hatarini. Kwa hivyo usidharauliwe na mtu akisema wavuvi ni washamba wanaogopa teknolojia.

Lakini kupanga ziwa si lazima mtu ajue boti yako. Mpangaji hataki kujua kwamba wewe ulikuwa mahali fulani Jumanne saa tisa usiku. Anataka kujua kwamba kwa huu mraba maboti yalipita mara nyingi na kwa ule mara chache. Kwa hivyo kuna masharti ambayo mimi ningekuwa mvuvi ningeyaweka mezani. Majina na namba za boti ziondolewe kabla data itoke kwa BMU. Ramani inayotolewa kwa umma iwe ya miraba mikubwa, sio alama moja moja. Mraba ambao umetembelewa na maboti mawili matatu tu usionyeshwe kabisa, juu hapo ndipo siri ya mtu inaonekana. Data icheleweshwe, isiwe ya leo leo, ya miezi iliyopita inatosha kabisa kupanga na haimsaidii mwizi. Na iandikwe kwamba haitatumiwa kukushtaki wala haipewi nchi jirani. Tuko na sheria ya kulinda data ya 2019, na mahali boti yako inalala na kutembea ni habari yako wewe kama mtu, hawawezi tu kuchukua.

Kuna upande mwingine pia ambao sitakuficha. Mambo ya Migingo, kile kisiwa tunachogombania na Uganda, na mpaka unayajua kuliko mimi. Mvuvi aliyeshikwa akidaiwa amevuka mpaka huwa hana chochote cha kujitetea ila mdomo, na mwenye rekodi ya GPS angalau anaweza kuonyesha alikuwa wapi. Sasa hiyo rekodi ikiwa inaonyesha kweli ulivuka, hapo ni wewe na Mungu wako.

Habari Dada. Mimi nasoma jiografia huku Njoro, nimepata faili ya AIS ya bahari yetu kwa ajili ya projekti. Nimefungua nikashtuka, kuna meli ziko katikati ya nchi kavu, kuna moja inaenda spidi ya noti 102.3, zingine ziko latitudo 91 ambayo haiko duniani. Nifute faili nianze upya? Nina wiki tatu tu.
*Mwanafunzi, Nakuru*

Usifute chochote mdogo wangu, karibu kwa kazi halisi ya data.

Hiyo noti 102.3 si spidi, ni venye kifaa kinasema "sijui spidi". Latitudo 91 na longitudo 181 ni vilevile, maana yake GPS haikuwa na jibu. Ukiona mwelekeo wa meli umeandikwa 511 jua ni hadithi hiyo hiyo. Hizo rekodi ziweke kando, si makosa ya faili ila hazifai kuchora. Wanafunzi wengi hupiga wastani wa spidi bila kuziondoa halafu wanashangaa mbona meli za Mombasa zinaenda mbio kushinda gari la moshi.

Zile za nchi kavu angalia vizuri kabla utupe, zingine ni meli iko gatini kabisa na ramani yako ya pwani ndiyo haiko sahihi, zingine ni GPS imeyumba ama imeharibiwa makusudi, na siku hizi karibu na sehemu za vita hiyo ya kuharibu GPS imekuwa kawaida. Halafu tafuta namba zinazofanana, utakuta 123456789 ama namba moja inatokea Lamu na dakika tano baadaye iko Durban. Hiyo ni mtu hakuweka namba yake vizuri, au vyombo viwili vinatumia namba moja. Njia rahisi ni kupima umbali kati ya alama mbili na kugawanya kwa muda, ikitoka spidi ambayo meli haiwezi basi kata mstari hapo.

Vitu vinavyojazwa na mkono usiviamini sana. Hali ya safari, kina cha meli, bandari inayokwenda, hizo baharia ndio anaandika na baharia naye ni mtu kama wewe, anasahau. Utakuta meli imeandikwa imetia nanga na inaenda noti 14.

Ukichora mistari ya msongamano angalia miaka yako pia. Ukichukua 2022 na 2024 za bahari yetu usishangae zikitofautiana, kutoka Desemba 2023 meli nyingi ziliacha Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi ya Wahouthi zikaanza kuzunguka kusini mwa Afrika, na kabla ya hapo ile sehemu ya hatari ya maharamia iliondolewa rasmi Januari 1, 2023. Mpango wa bahari unaandikwa kwa miaka kumi na zaidi, ukiutegemeza kwa mwaka mmoja wa vita utapanga kwa ajili ya vita.

Wiki tatu zinatosha ukichukua eneo dogo. Chukua mlango wa Mombasa peke yake, achana na eneo lote la uchumi la Kenya hadi maili 200, hiyo ni ya watu wa PhD.

Mwanangu, mimi nauza samaki Dunga. Hiyo mashine ya meli inaweza kutusaidia boti ikizama? Vijana wetu wanapotea na hakuna mtu anajua watafutwe wapi.
*Mama samaki, Kisumu*

Inaweza mama, kwa kiasi. Boti yenye kifaa cha kurusha mahali ilipo, mtu wa uokoaji anaanza kutafuta pale alama ya mwisho iliishia badala ya ziwa lote. Kuna hata vidogo vya kuvaa kwa jaketi ambavyo vinarusha AIS mtu akianguka majini, lakini bei yake kwa sasa si ya vijana wetu. Meli ya MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996 na feri ya MV Nyerere ikapinduka Septemba 20, 2018, zote upande wa Tanzania, na zile hazikukosa ramani. Meli zilijaza watu kupita kiasi. Jaketi kwanza mama. Hiyo nyingine ije baadaye.

Si hizi ni mambo za watu wa bahari na Kisumu? Sisi Naivasha tunahusika vipi?
*Msomaji, Naivasha*

Mnahusika sana. Ziwa lenu ni dogo lakini hesabu wanaolitaka: wavuvi, maboti ya watalii, mashamba ya maua yanavuta maji, viboko, na maji yenyewe yamepanda yakaingia kwa watu. AIS hamtaiona huko, lakini GPS kwa maboti ya watalii kwa mwezi mmoja itawaonyesha ni wapi wanawafukuza ndege kila asubuhi na wapi wanapita juu ya nyavu za watu. Hiyo peke yake ni mkutano wa siku nzima.

Sasa Dada, sisi vijana wa biichi huku Mbita tumekubaliana maboti manane tujaribu wenyewe kabla mtu wa mradi atuletee yake. Hatuna pesa ya kununua vifaa, tuko na simu tu. Tufanye aje?
*Katibu wa kikundi, Mbita*

Mmenifurahisha. Simu inatosha. GPS haili bundle, inasikiza satelaiti bure hata mkiwa mbali na mlingoti, kwa hivyo zima data, washa mahali ulipo, na tumia programu yoyote ya kurekodi safari ambayo inaweza kuhifadhi faili aina ya GPX. Weka irekodi kila sekunde 30, boti ya kilomita 10 kwa saa inasonga kama mita 80 hapo katikati, mtaona njia vizuri na betri haitaisha kabla ya kurudi. Kwa mipangilio ya betri iruhusuni hiyo programu kuendelea simu ikilala, la sivyo simu nyingi zitaizima baada ya dakika chache na mtarudi na mstari wa kutoka gatini hadi kwa kona ya kwanza. Simu ikae kwa mfuko wa plastiki uliofungwa, kwa sanduku upande wa mbele, sio chini ya injini mahali petroli inamwagika.

Kila mkirudi mtu mmoja aandike kwa daftari: tarehe, uvuvi gani, tanga ama injini, na kama kuna mahali mlikwepa kitu, mlikwepa nini. Chagueni maboti yasiwe yote ya mbuta. Mtu mmoja tu ndio akae na mafaili na yabaki kwenu mpaka BMU mzima ukae na kukubaliana nani apewe nini. Mkifika mwezi mmoja nitumieni ramani ikiwa imeondolewa majina, nitaiweka hapa karibu na picha ya ile app inayoonyesha hapo kwenu hakuna mtu.